Mkia wa Gugumo

Bwana Hakika hakuwa na hakika hata ya chakula cha mchana siku aliposimama mlangoni mwa ukumbi wa gemu akawasikia vijana wakitoleana macho.

"Gugumo ana mabawa!"

"Ya wapi? Nimemaliza gemu lote, sijaona hata unyoya!"

Gugumo, kwa msiomjua, ni kinyama cha kijani ndani ya gemu. Waliomtengeneza walimpa mambo mawili tu: anakula kengele na analala chini ya daraja. Mabawa, wake watatu na ugomvi wake na mwezi viliongezwa na mashabiki, watu wasiopenda kuona kiumbe akikaa bure.

Mwingine angepita zake. Bwana Hakika alinyoosha koti lake la kijivu. Koti hilo ndilo lililokuwa shahada yake, ofisi yake na ukoo wake. Bila hilo, maneno yake yalikuwa kelele za mpita njia. Akakohoa kikubwa.

"Tulieni, wanangu. Mimi ni Mthibitishaji. Nimetumwa na wenye gemu."

Akatoa mfukoni mihuri miwili: KWELI na UZUSHI. Ili waone kazi, akabuni papo hapo kwamba kuna wapuuzi wanaodai Gugumo ana mkia wa moto. Akaandika dai hilo kwenye karatasi, akaligonga UZUSHI, akalibandika ukutani. Ukumbi ukashusha pumzi. Amepatikana mjuzi!

Jirani na ukumbi palikuwa na fundi wa kuchapa fulana, naye fulana zake zote zilikuwa na Gugumo mwenye mabawa. Ng'ambo ya njia, mama fundi cherehani alishona wanasesere wa Gugumo asiye na mabawa. Asubuhi Hakika alikunywa chai kwa fundi fulana, akayagonga mabawa KWELI. Jioni alishiba kwa mama, akayagonga UZUSHI. Mashabiki wakagawanyika, kila upande ukakimbilia kununua ushahidi wake. Mafundi wale walirushiana maneno barabarani kutwa nzima, lakini hakuna aliyemlaumu Mthibitishaji. Hakika alishangaa kidogo. Angeshangaa zaidi, angepona.

"Baba, hebu sogea," mama alimwita siku moja kwa sauti ya chini. "Yule adui yangu ana siri. Kuna toleo jipya linakuja. Gugumo ana mkia wa moto! Akikasirika unakuwa wa bluu, akihuzunika unafuka moshi. Kachapa boksi zima, anangoja habari itoke."

Hakika alijua mkia ule aliuzaa yeye. Lakini bluu? Moshi? Hayo hakuyasema. Uongo wake ulikuwa umerudi umenona na umevaa vizuri, akaona haya kuukana. Labda, alijiambia, mdomo wangu ulibahatisha kweli. Mbio mpaka kwa fundi fulana.

"Niuzie boksi la mkia."

"Haliuzwi, mzee wangu."

"Taja chochote!"

Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Hilo koti."

Roho ilimuuma Hakika, ikamuuma hasa. Kisha akaziwaza fulana zile siku habari itakapotoka, na yeye peke yake ndiye aliye nazo. Akavua.

Ukumbini alilitua boksi kwa kishindo. "Gugumo ana mkia! Wahini!"

Vijana wakatazama fulana, wakatazama ukuta.

"Si wewe uliyesema ni uzushi?"

"Nimebadilisha! Sasa ni kweli!"

"Basi gonga muhuri."

Mkono wa Hakika ukaenda mfukoni, ukakuta mbavu. Mihuri ilikuwa imeondoka na koti.

Na koti lenyewe likaingia mlangoni. Ndani yake alikuwemo fundi fulana, na aliyemshika mkono alikuwa mama cherehani.

"Kumbe mnapatana?" Hakika akauliza kwa unyonge.

"Huyu ni mume wangu, baba," mama akajibu kwa upole. "Mtaa mzima unajua. Tunagombana saa za kazi tu."

Mumewe akatoa muhuri mmoja, akaupulizia, akaugonga taratibu kwenye shati jeupe la Bwana Hakika, kifuani kabisa: UZUSHI.

Vijana wakasogea kusoma, wakakubaliana, wa mabawa na wasio wa mabawa, kwamba tangu ufike pale muhuri ule haujasema kweli kama siku hiyo.