Mgeni Aoge Kwanza

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita
Barua imefika kijijini kwetu Muheto! Mkulima mmoja wa koperative yetu anaalikwa Kyoto, Japani, kwenye mkutano wa wakulima wa maharage. Wanalipa kila kitu, mgeni achague tu pa kulala. Nani mwingine kama si mimi, Védaste? Prezida wa koperative, Mama Libérata, atataja jina Ijumaa. Ndiye mama mkwe wangu. Sébastien, mkulima mwenzangu, naye anajipendekeza kwake. Maskini! Maharage yake hayaivi hata kwa kuni za siku mbili.

Jumanne
Nimepanda mlimani kutafuta rezo ya simu. Nimechagua! Hoteli za vitanda nimezikataa. Vitanda hata hapo jirani Walikale vipo. Mimi nataka ryokan, nyumba ya wageni ya kizamani ya Kijapani. Moja iko karibu na kituo cha gari moshi, nyingine ina bustani na samaki wekundu. Nimechukua ya bustani. Mtu wa hadhi yangu halali kwenye makelele. Kanuni zao: unavua viatu mlangoni, unaoga, ndipo unakula. Kulala ni chini.

Jumatano
Mazoezi. Kitanda nimekitoa uani, nimetandika mkeka. Mke wangu Muhawenimana akauliza tumefiwa na nani. Sébastien alipita, akauliza kama kitanda iko na kunguni. Wivu! Mgongo unauma, lakini heshima imepanda.

Alhamisi
Wazo kubwa! Nilimwalika mama mkwe kula, aone mwenyewe kwamba niko tayari. Nikachemsha maji, nikajaza beseni la kufulia, nikaweka sabuni mpya. Akafika, bado anahema kwa mlima. Kabla salamu hazijaisha nikamwinamia mara tatu, nikamwomba avue buti, aoge kwanza, ndipo tule.

Mke wangu akajifunika uso kwa kitenge. Mama Libérata akauliza polepole: "Mukwe, njo kusema miye nanuka?" Nikamweleza kwamba hapana, ni kanuni, kule hata mawaziri wanaoga. Akautazama mkeka, akauliza nani amekufa. Akaondoka bila kuonja hata kijiko.

Ijumaa
Sébastien!! Mbele ya watu wote! Nimeumia, sifichi. Nililia kidogo nyuma ya banda la mbuzi. Jioni akaja, mpole, akauliza atalala wapi huko Kyoto, maana anayejua ni mimi. Nikampa ile ya bustani. Basi aliyechagua ni nani? Mimi! Yeye anakwenda kulala tu.

Jumapili
Nimetoka misani kifua mbele. Wazee wameamua nimchinjie mama mkwe mbuzi, nimwombe msamaha. Amekubali kuja kula kwetu Jumamosi. Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona: maji yalikuwa ya uvuguvugu, na beseni lilikuwa dogo. Jirani yangu Honoré ameniazima pipa. Mtu mzima anaingia mpaka shingoni.