Sketi ya Marinda Kumi na Moja

Jumanne, 3 Januari
Nimeitwa Ustawi wa Jamii tena! Mtu mzima na ndevu zangu, nakalishwa kwenye benchi kama mtoro wa shule. Mama Binti alishafika, kaketi, kakunja mikono kifuani. Afisa akasoma karatasi niliyoisaini mwenyewe tulipoachana: mama atamlisha mtoto na kumlaza, baba atamvisha na kumnunulia vitabu. Akauliza sare iko wapi. Nikasema iko njiani. Mama Binti akasema iko njiani tangu mwaka juzi. Hata karani akacheka! Afisa akakata shauri: Jumatatu shule zikifunguliwa, binti asipokuwa na sketi mpya atarudishwa getini, na mimi nitapelekwa mahakamani. Mimi! Fundi cherehani ninayeshonea nusu ya shule!

Alhamisi, 5 Januari
Hela ya kitambaa ilikuwepo, sikatai. Lakini fundi wa ng'ambo ya barabara alitundika kibao kipya, tena chenye taa. Ningefanyaje? Nami nimetundika changu, kikubwa kuliko chake: BINGWA WA SARE. Sasa kitambaa hakuna. Dukani wamenikatalia mkopo, wakaniambia nikamvishe mtoto kibao. Watu hawana adabu siku hizi.

Ijumaa, 6 Januari
Nimepata! Wateja kumi na mmoja wameniletea vitambaa vya sketi za mabinti zao. Nikiiba... hapana, nikibana inchi mbili kiunoni na upindo wote wa chini, kila sketi inanipa kipande. Vipande kumi na moja, sketi moja. Maungio nitayaficha ndani ya marinda. Nina akili mpaka najiogopa.

Jumapili, 8 Januari
Imekwisha, na imetoka nzuri! Upindo nimemwachia inchi nne, avae mpaka amalize shule, nisisumbuliwe tena. Binti kaijaribu, kazunguka mbele ya kioo mara tatu, akasema ndiyo nguo ya kwanza niliyomshonea maishani mwake. Nikajifanya natafuta sindano sakafuni. Hata mama yake kasema asante, ingawa kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumatatu, 9 Januari
Balaa! Mstarini asubuhi Mwalimu Mkuu kawaamuru wanafunzi wachuchumae waokote takataka. Zipu ya kwanza ikafyatuka. Ya pili. Mpaka kumi na moja! Watoto wamejishika nyuma, wanalia. Wangu peke yake kasimama salama. Mwalimu Mkuu akamwita mbele, akasema mwenye mzazi anayejali huonekana tu, akamwuliza nani kamshonea. Binti akajibu kwa sauti kubwa, kifua mbele, kwamba ni baba yake. Wale kumi na mmoja nao wakasema fundi wao ni huyohuyo.
Mwalimu Mkuu akafunua rinda moja. Kisha la pili. Akahesabu mpaka mwisho, shule nzima ikimsikiliza.
Jioni binti kapita kibandani kwangu. Hakulia, na afadhali angelia. Alishika rinda la kwanza akaniuliza hili ni la nani. Nikasema sikumbuki. Akasema anataka kujua, maana wawili kati ya wale anakaa nao dawati moja. Nimeona aibu, acha niseme ukweli.

Jumanne, 10 Januari
Ustawi tena. Benchi lilelile. Wazazi kumi na mmoja wamejaa chumbani, na fundi wa ng'ambo kaja kutazama tu, hana hata mtoto! Nimeamriwa nizipanue sketi zote kabla ya Ijumaa, kwa kitambaa changu mwenyewe. Changu! Nitakitoa wapi? Basi nimeahidi, nimeapa mbele ya watu, machozi ya kweli yakanilengalenga. Mama Binti kanitazama sana, akasema safari hii anakaribia kuniamini.
Nimewaza mchana kutwa, cherehani imelala. Halafu nikakumbuka. Upindo wa binti! Inchi nne nzima zimekunjwa pale chini, hazina kazi yoyote! Nimempelekea mama yake salamu: ailete ile sketi kesho, niipige pasi.