Ugbad na Vita vya Boya la Habaswein

Njooni, enyi mlioegemea magunia ya unga, nanyi mliosimama na ngamia wenu juani kana kwamba kivuli kina kodi! Sogeeni hapa chini ya tangi, punguzeni sauti za simu, mpate kusikia jinsi hori moja la kunyweshea mifugo lilivyotikisa chuo kikuu kizima huko Uturuki. Na kama yupo atakayedai ushahidi, ajue kwamba Mowlid bin Kerrow, ambaye ndiye huyu huyu anayewasimulia, alikuwepo. Alisimama bega kwa bega na shujaa tangu mwanzo hadi mwisho, spana mkononi, wala hakurudi nyuma hata upana wa ukucha. Hilo lijulikane kabla ya yote.

Shujaa mwenyewe ni Ugbad binti Abdirashid, Mvuka Bahari, Mstahimili wa Theluji, aliyetoka hapa Habaswein kwenda kusomea uhandisi katika nchi ambayo hata kuomba chumvi ilibidi kwanza aende darasani. Alijifunza lugha yao, akapita masomo ya utangulizi, kisha wakuu wa chuo wakamsimamisha mbele ya milango mitatu: ujenzi, mitambo, umeme. Chagua, wakasema. Naye Ugbad, ambaye alikuwa hajamwogopa mtu, aliiogopa ile milango. Kila alipouchungulia mmoja aliona wenzake wamekwisha kuketi ndani, wanacheka, wanajua walifuata nini. Yeye hakujua. Akaja nyumbani likizo na swali hilo ndani ya simu, na siku ya mwisho ya kulijibu ikamkuta hapa, dirisha la chuo likingoja kufungwa jua likizama.

Asubuhi hiyo adeer yake Kerrow, baba yake Mowlid, Sultani wa Duka la Kona, akaweka kikombe chini na kunena mbele ya wateja.

"Ugbad, binti wa ndugu yangu! Hori la mama yangu nililitia boya, hilo duara la plastiki linaloelea, ili maji yakijaa bomba lijifunge lenyewe. Haye. Halijifungi. Kila siku linafurika, na huu ni ukame, watu wanafuata maji kwa punda. Wewe umevuka bahari kwa ajili ya vyuma. Litengeneze kabla ya Maghrib. Ukishindwa, waandikie hao Waturuki wakuhamishie kwenye biashara, umalize, urudi unisaidie dukani. Hakuna aibu."

"Na nikiweza, adeer?"

"Ukiweza, chagua unachotaka, nami nitanyamaza."

Wateja wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona Kerrow akinyamaza.

Ugbad akaingia uwanjani, na Mowlid ubavuni pake kama ngome. Akalikagua boya: zima. Akaikagua vali: nzima. Ndipo adui alipojitokeza kutoka vichakani, kwa mwendo wa mtu aliyealikwa. Alikuwa Qaali, ngamia jike wa ayeyo yao, bibi mzaa baba, Shingo ya Mnara, Mdomo wa Dharau. Akalikaribia hori lililojaa. Hakunywa. Alilaza kidevu chake juu ya boya, taratibu, kama anayejilaza kwenye mto, boya likazama, bomba likafunguka, maji yakamiminika na kufurika mpaka matopeni. Na Qaali akafumba macho.

Shambulio la kwanza lilikuwa la waya. Ugbad akasuka kizimba imara akalifunika boya. Qaali akakitazama, akakivua kwa midomo kama mama anavyomvua mtoto kofia, akakitupa.

Shambulio la pili lilikuwa la miiba, na wanahistoria watalijadili kwa adabu. Ugbad, Bingwa wa Hesabu, akakata matawi ya mgunga yenye miiba mirefu kama sindano za magunia, akalizungushia boya boma la kutisha, akarudi nyuma kungoja adui achomwe.

Adui alikula boma lote.

Ayeyo, aliyekuwa akifukiza chombo cha maziwa kwa moshi kando ya kibanda, alicheka hadi akashika mbavu. "Naa Ugbad! Huko Uturuki ngamia wanakula nini, chipsi? Unamtisha mgeni kwa kumwandalia chakula?"

Jua likateremka. Ugbad aliketi kwenye ukingo wa hori, gauni limelowa tope, akafungua simu. Neno *biashara* lilikuwa pale, chini ya ile milango mitatu, dogo, jepesi, likingoja kidole. Hakulia, na ieleweke hivyo. Macho yalikuwa na vumbi. Na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi tena, kinywa kikaanza chenyewe kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa marehemu awowe, babu yake, ule aliowaimbia ngamia kisimani alipokuwa akivuta ndoo baada ya ndoo, maana zamani hizo hakuna aliyewanywesha ngamia hapa kimyakimya.

Qaali akainua kidevu. Akasimamisha masikio. Akanywa.

Ugbad akanyamaza. Kidevu kikarudi juu ya boya. Akaimba. Qaali akanywa. Akanyamaza. Kidevu.

"Ayeyo," akauliza polepole, "tangu boya liwekwe, nani huwaimbia?"

"Aimbe nani? Adeer yako alisema chombo kinajifanyia kazi. Tukaenda zetu."

"Kumbe hachezi! Anabonyeza asikie maji yakimwagwa, kama ndoo za awowe. Anamtafuta mtu."

Na hapo, enyi wasikilizaji, milango mitatu ikawa mmoja. Ugbad aliruka, akaitwaa redio ndogo ya kadi ambayo Ayeyo husikilizia mawaidha, akatoa nyaya mbili, moja akaifunga kwenye mkono wa boya, ya pili kwenye bomba, ili boya likizama nyaya ziguse na redio iimbe. Akajirekodi kwa simu akiuimba wimbo wa awowe mara moja tu, maana jua lilikuwa limegusa vichaka, huku Mowlid amesimama kando yake, kimya, kama mlinzi wa ikulu. Akaupachika kwenye kadi. Qaali akalaza kidevu. Redio ikaimba. Kidevu kikainuka, Qaali akanywa hadi akatosheka, hori likajaa, boya likapanda, bomba likajifunga, na redio ikazima.

Halikumwagika hata tone.

Ugbad akabonyeza *umeme*. Adhana ya Maghrib ikamkuta akicheka peke yake, tope hadi magotini. Adeer Kerrow akanyamaza hadi Isha, jambo ambalo wazee wataanza kuhesabia miaka. Basi vizazi vikumbuke hori hili, na binti huyu, na pia mtu yule aliyemshikia spana bila kutetereka, Mowlid, Simba wa...

Lakini tazameni, Qaali mwenyewe huyo anakuja kunywa. Mpisheni. Kidevu chini, nyaya zimegusana, na sauti ya Ugbad hiyo inatoka, tamu, ya kisimani. Na nyuma yake, ndani ya redio hiyo hiyo, kwa mbali, kama ya mtu aliye juu ya tangi, sauti nyingine:

"Ayeyo! Ayeyo wee! Leteni ngazi! Amenitazama tena!"

Watu wote wakageuza shingo kuangalia juu ya tangi.

"Waryaa Mowlid," akasema Ayeyo, bila kuacha kufukiza chombo chake, "spana bado iko huko juu ulikoiacha siku ile ulipomkimbia Qaali. Mwenzako alikaza nati kwa koleo langu la mkaa."

"Ayeyo, si mngeifuta hiyo sehemu?"

"Ugbad alitaka kuifuta. Mimi nilimkataza. Qaali hanywi vizuri mpaka ifike hapo."