Udongo Wangu Mbele ya Kichujio cha Elektroni

Jumatatu, 2 Februari 1987. Karatu.

Josho letu litapata hori la udongo wa kulambisha ndama wenye upungufu wa damu. Mwenye udongo utakaozidi kwa madini ya chuma ndiye atakayesimamia hori. Nina miaka hamsini na mbili, sijawahi kusimamia chochote. Hata kuku wangu humsikiliza Blandina, mke wangu. Mpinzani ni mmoja tu: Metui wa Nainokanoka, na udongo ambao ng'ombe wa ukoo wake wameulamba tangu enzi za babu zake. Wangu nimeuchimba nyuma ya choo. Upande wa juu, lakini.

Jumanne, 3 Februari.

Nimekwangua kutu ya bati kuukuu la banda, nikaitwanga kwenye kinu na kuichanganya na udongo. Rangi safi kabisa. Blandina akauliza, baba Evarista, unapika nini humo? Nikasema dawa. Akasema basi mahindi ya makande atayatwangia kichwani mwangu.

Jumatano, 4 Februari.

Daktari Germana wa mifugo kaja kuchukua sampuli. Zinakwenda Ulaya, kwenye hadubini ya elektroni. Metui kaushika udongo wangu, kaunusa, kauonja kwa ncha ya ulimi. Akauliza kwa upole: mzee Josephati, ng'ombe wako mwenyewe ameshauonja? Nikajibu ng'ombe wangu hana elimu. Watu wakacheka. Nadhani pamoja nami.

Jumamosi, 9 Mei.

Majibu yamerudi. Naandika kwa aibu, na si kwa aibu peke yake.

Daktari katueleza. Chembe ya udongo hukatwa nyembamba kuliko utando wa maziwa, elektroni zikapitishwa humo. Iliyogonga chuma hupoteza nguvu kiasi chake, iliyogonga zinki kiasi kingine. Kisha kuna kichujio: huziruhusu zile za kiasi kimoja tu, nazo ndizo zinazochora picha. Picha ya chuma peke yake. Picha ya zinki peke yake.

Kwenye udongo wa Metui, chuma kimetapakaa kila mahali, kama umande kwenye nyasi za kreta. Kwangu kimekaa mafungumafungu. Na kila penye fungu la chuma, picha ya pili inaonyesha zinki palepale. Daktari akavua miwani, akasema zinki ndiyo hupakwa mabati, akaniuliza kama shamba langu limeezekwa.

Metui alicheka mpaka akashika meza. Hori ni lake.

Niliomba kuziona picha tena, mara tatu. Binadamu ameweza kuiuliza elektroni imechoka kiasi gani njiani, nayo ikamjibu! Blandina akauliza kama nami naweza kupimwa. Daktari akasema lazima kwanza nikatwe vipande vyembamba. Blandina akasema hilo si tatizo.

Jumapili, 10 Mei.

Baada ya misa nimemdaka Daktari. Je, kichujio kinaweza kusema nani aliyetia chuma? Hapana, akasema, kinaonyesha kilichomo tu. Nimemshukuru sana.

Kumbe kosa lilikuwa bati, si wazo. Mwakani Rhotia nao watapata hori, na safari hii wanatafuta fosforasi, madini yajengayo mifupa. Mchinjaji ameniahidi gunia zima la mifupa.