Besi Yangu na Lori la Kwaya

Jumatatu, 6 Mei 1974
Balaa! Naftali kapata sauti ya kiume! Leo kajibu swali darasani, Mwalimu Laurian akageuka kuona ni mzee gani kaingia. Papo hapo kamtia kwenye besi ya kwaya ya kijiji. Na Jumapili kwaya inapanda lori kwenda kwenye mashindano Singida mjini! Sisi watoto tunabaki Ihanja kufukuza kwelea kwenye uwele wa kijiji. Mimi, mtoto! Nina miaka kumi na mitatu na chunusi mbili. Lazima nipande lori lile.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata dawa. Tangu kutoka shule hadi jua kuzama nimewapigia kwelea kelele za watu kumi. Wamehamia Sepuka wote. Mzee Mughwai, msimamizi wa shamba, kanisifu kwa moyo wa kijamaa. Sauti imekwaruza vizuri sana!

Jumatano, 8 Mei
Nimemwamkia Mwalimu. Kashtuka. Kaniuliza mara mbili kama kweli nimekua. Nikaapa. Kanitia kwenye besi! Nimesimama karibu na Naftali, nikamkanyaga kidogo.

Alhamisi, 9 Mei
Mama kasema hilo ni koo bovu tu. Kaleta asali ya Itigi. Nikakataa, mimi ni mwanamume. Kanibana pua, kanimiminia vijiko vitatu. Mama yangu mzazi!

Ijumaa, 10 Mei
Koo limepona. Mazoezini nimefungua mdomo, kikalia kifaranga. Naftali kacheka mpaka kakaa chini. Mwalimu hakucheka. Kasema ubeti wa mtoto, ule wa kuimba peke yako, alikuwa ameniwekea mimi, na kiti cha mbele karibu na dereva. Nilipoapa kwamba nimekua, akampa mdogo wangu Sara. Ana miaka tisa! Nimelia, sifichi.

Jumapili, 12 Mei
Lori limeondoka. Sara kanipungia mkono dirishani. Nikawageukia kwelea kwa hasira, nikafungua mdomo, ikatoka ngurumo! Na tangu Jumanne sijapiga kelele. Ni yenyewe! Mzee Mughwai kaja mbio na fimbo, akidhani fahali kaingia shambani. Nimeimba besi nyimbo zote, wasikilizaji ndege.

Jumatatu, 13 Mei
Wamerudi washindi! Mwezi ujao wanakwenda Dodoma. Mwalimu katangaza kwamba besi imejaa, anatafuta mtoto mmoja wa kuimba na Sara. Nimekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kauliza kama sauti bado ni ya kitoto. Nimeitikia kwa kichwa tu.
Jioni nimemwomba Mama asali. Vijiko sita.