Chura wa Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi
Ramani ya barabara kuu mpya imetua mezani pangu. Mstari mwekundu unapita katikati ya chumba changu cha kulala. Nyumba ya shangazi aliyenilea! Na kampuni inayofanya tathmini ya athari kwa mazingira ndiyo hii iliyoniajiri juzi. Ilinipasa nimwambie Bosi papo hapo. Nimenyamaza. Mtu wa ndani hufaa zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa. Kesho jioni mtaalamu wa vyura anakuja kwenye kinamasi nyuma ya jiko letu. Huwahesabu kwa kusikiliza. Mtandaoni kuna sauti ya chura adimu kabisa. Simu itakaa kwenye matete, mimi nitasimama na kalamu yangu kama malaika. Akimwandika tu, mstari utahama.

Alhamisi, 6 Machi
Chura aliimba vizuri mno. Mtaalamu akashika kifua, machozi yakamlenga, akasema maisha yake yote hajamsikia upande huu. Nikaanza kumhurumia. Ndipo chura akaacha kuimba, akaanza kulia kama simu. Sikupokea. Shangazi, simu sikioni, akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, akauliza kwa sauti kama mimi, Kidoti wake, ninakula nyumbani au sili. Mtaalamu alitazama matete, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi hakufoka. Bora angefoka.
“Binti, ungesema tu kwamba unakaa pale,” alisema. “Tungekupa mradi mwingine, na shangazi yako angesikilizwa kama mtu yeyote.”
Nimeondolewa kwenye mradi. Lakini kesho ni mkutano wa wananchi! Nimemwandikia shangazi hotuba kuhusu bayoanuwai. Kurasa nne, pande zote.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi amezikalia kurasa zangu. Eti kiti kilikuwa na vumbi. Zamu yake ilipofika akasimama taratibu.
“Wanangu, barabara ikipita hapo, maji tutachota wapi?”
Chemchemi! Ile ya pale kinamasini, ninayonawia uso kila asubuhi! Ukumbi mzima ukaitikia: mabomba yakikauka, mtaa wote huja kwetu na ndoo. Kwenye ripoti haimo. Bosi akainamisha kichwa, akaahidi kurudia uchunguzi na kupima njia nyingine.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Ni wazi chura wangu ndiye aliyewalainisha. Bosi amepiga simu kusema chemchemi inatosha kuiokoa nyumba, mradi tu nisiguse hata jani. Shangazi naye kanikanya hivyo hivyo. Nimewaelewa sana. Ila wiki ijayo wanakuja kuchunguza popo, na sauti za popo nimeshazipata. Sikio la binadamu haliwezi kuzisikia kabisa. Sasa nani atanikamata?