Inveta Iliyopigwa Chapa

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mzee Awadhi wa Misima anataka sola. Mzee Awadhi ndiye baba yake Rukaya. Rukaya ndiye sababu ya mimi kunyoa ndevu kila siku. Nilimwamkia mzee shikamoo mara mbili, kwa usalama. Akasema jirani yake aliunguliwa nyumba kwa betri ya magendo, kwa hiyo kwake hakiingii kitu kisicho na alama ya ubora. Posa yangu ataisikiliza taa zikishawaka. Inveta yangu, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, haina alama. Za Gerald, fundi sola mwenzangu anayemtaka Rukaya pia, zinazo zote. Gerald! Mtu anayepiga pasi hadi ovaroli.

Jumanne, 4 Februari
Nimebandua alama ya ubora kwenye pasi ya mama, nikaibandika kwenye inveta kwa gundi ya viatu. Akili ni nywele! Jua likalegeza gundi kabla sijafika Misima. Alama ikadondoka. Mbuzi akaila nikimwona.

Jumatano, 5 Februari
Jirani yetu Lomayani, mfugaji, alikuwa anapiga ndama wake chapa. Nikasimama kutazama. Hakuna gundi pale! Alama inakaa mpaka mnyama anakufa. Nikamwomba anipigie na inveta. Mzee Awadhi macho yake ya uzee, ataona alama tu, basi. Lomayani akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena, mbele ya wanawe. Nikamwambia asinicheleweshe. Plastiki ilinuka vibaya, lakini alama ikatokea vizuri. Betri alikataa kabisa kuigusa, eti chenye moto ndani hakichomwi kwa nje. Ushamba! Tukachoma sanduku lake la mbao.

Alhamisi, 6 Februari
Mzee Awadhi ana miwani. Sikujua. Akaitazama alama, akaniuliza kwa upole kwa nini nimemletea mali ya Lomayani. Misima nzima inaijua chapa ile! Lomayani akaitwa. Akaeleza kwamba aliniuliza mara mbili mbele ya mashahidi, na kwao chenye chapa yake ni chake. Wazee wakaafiki. Amebeba inveta, betri na sanduku. Rukaya alicheka hadi akajifunika uso kwa kanga. Hilo liliniuma kuliko inveta.

Jumapili, 9 Februari
Juzi Lomayani aliifunga inveta kwenye paneli yake. Ikatoa moshi, ikaunguza kona ya zizi. Watu na ng'ombe wazima, alhamdulillahi. Alikuja kuirudisha. Nikakataa: chapa si yake? Hapo nilimweza.

Jioni ileile ya juzi Rukaya akanitumia ujumbe. Baba yake bado hajampa mtu neno. Niende Korogwe, nilete yenye alama halisi, hata ikiwa ndogo, na yeye mwenyewe atanisemea. Machozi yalinitoka, sioni haya kuandika.

Jana alfajiri nikaenda Korogwe, kama alivyosema. Njiani nikalitafakari kosa langu, nikaliona. Nilitumia chuma cha kupigia chapa cha mtu mwingine. Mhunzi wa huko ameahidi changu kitakuwa tayari Jumatano, chenye alama ya ubora, herufi zote.